Kiolezo kimoja, kompyuta nne: uzoefu wangu na violezo vya AutoCAD

Mlango wa milimita 900 niliouingiza kwenye mchoro ulitua ukiwa na upana wa 35.43. Nilikuwa nimekaa tangu asubuhi nikichora nyumba ya vyumba vitatu kwenye AutoCAD, programu ya kuchorea ramani za majengo, kuta zimekaa sawa, na sasa kila nilichokivuta kutoka kwenye maktaba yetu ya milango, masinki na vitanda kilikuja kidogo kama punje ya mchele. Gawa 900 kwa 25.4 utaipata hiyo namba. Nilikuwa nimeanza faili jipya kwa acad.dwt, kiolezo (faili la kuanzia mchoro) cha wanaopima kwa inchi, badala ya acadiso.dwt cha milimita. Kuta nilizichora kwa namba za milimita, lakini faili lenyewe lilijua kwamba kipimo chake ni inchi. Dawa yake ni kuandika INSUNITS, mpangilio wa kipimo cha faili, na kuweka 4, yaani milimita, basi. Ila nilishamaliza mchana mzima nikitafuta kosa kwenye maktaba ambayo haikuwa na kosa.

Ofisi yetu ya ramani ni ndogo, iko Dar es Salaam, tuko wanne na kompyuta nne. Kazi zetu nyingi ni nyumba za kuishi na fremu za maduka. Kabla ya siku ile kila mmoja alikuwa anaanza mchoro anavyojua: mwingine anafungua kazi ya zamani na kufuta, mwingine anaanza na ukurasa mtupu. Sasa ni mwaka wa pili tunatumia kiolezo chetu wenyewe, na naandika haya kwa ajili ya yeyote mwenye ofisi ya aina hii anayejiuliza kama inafaa kujisumbua. Inafaa. Lakini kuna mambo ningeyajua mapema yangeniokolea siku nyingi.

Kiolezo cha AutoCAD ni faili la .dwt. Kwa ndani halina tofauti na mchoro wa kawaida wa .dwg. Tofauti ni kwamba ukianza kazi nalo, programu inakupa nakala isiyo na jina na lile la asili linabaki salama. Chochote utakachokiweka humo, iwe ni leya (matabaka ya mchoro, kuta kwake, milango kwake), aina za mistari, mitindo ya maandishi na vipimo, au kurasa za A3 na A1 zenye fremu yake, hutakiweka tena.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kutengeneza kiolezo kutoka kwenye mchoro wa zamani tuliouona mzuri. Tulifuta nyumba, tukahifadhi kama .dwt, tukashangilia. Kumbe tumehifadhi na takataka zote: leya za mhandisi wa umeme wa kazi ile, alama za mabomba tusizozitumia, na orodha ya skeli ndefu hadi huioni 1:100 iko wapi. Amri ya PURGE, inayofuta visivyotumika, ilipunguza kiasi, na SCALELISTEDIT ilisafisha skeli, lakini kila wiki tulikuwa tunakuta kingine. Mwishowe niliitupa yote. Nilifungua acadiso.dwt kikiwa kitupu, nikafungua ADCENTER, dirisha la kuchukulia vitu kutoka michoro mingine, pembeni, na kuvuta kitu kimoja kimoja kutoka kwenye michoro yetu: leya hii ndiyo, hii hapana. Kazi ilichukua siku mbili na sikujutia hata saa moja.

Unapohifadhi, kinatokea kidirisha kidogo ambacho wengi wanakibonyeza OK bila kukisoma. Kinaomba maelezo mafupi ya kiolezo na kipimo chake, kisha kinauliza kama leya zihifadhiwe kuwa zimeshakubaliwa au bado. Chagua zimeshakubaliwa. Ukifanya hivyo na kuwasha taarifa za leya mpya, programu itakuonya pale leya ya kigeni inapoingia, kwa mfano baada ya kuingiza kazi ya mhandisi. Kwetu hilo peke yake limepunguza ugomvi mwingi.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ukurasa wa maelezo ya jumla. Kwa miaka mingi michoro yetu ilibeba maelezo ya Kiingereza yaliyonakiliwa kutoka kazi hadi kazi, bila mtu kuuliza nani anayasoma. Siku moja nilikwenda saiti Kibamba, fundi akanipeleka kwenye dirisha la jiko. Kwenye mchoro nilikuwa nimeandika kwamba chini ya dirisha ni 1050 AFFL.

"Injinia, hii elfu na hamsini si kutoka kwenye zege?" Mimi si injinia, ila saiti kila mwenye mchoro mkononi ni injinia.

Haikuwa kutoka kwenye zege. AFFL ni juu ya sakafu iliyokamilika, yaani juu ya vigae. Kati ya zege na uso wa kigae tulikuwa na milimita 60 za mchanga, saruji na kigae chenyewe. Kwa hiyo dirisha lilikuwa limekaa 990 na si 1050, na safu ya kigae cha sentimita 15 iliyotakiwa kukaa kati ya kaunta na dirisha ilibakiwa na nafasi ya sentimita 9. Fundi hakukosea. Alisoma herufi nne ambazo hakuna aliyewahi kumweleza maana yake, akafanya alivyofanya kazi zote.

Wiki ile ile niliandika upya ukurasa mzima kwa Kiswahili na kuuweka ndani ya kiolezo, kila mstari ukiwa chini ya ule wa Kiingereza. "Vimo vyote vinapimwa kutoka juu ya vigae, si kutoka juu ya zege." "Usipime kwa rula juu ya karatasi. Fuata namba zilizoandikwa." Majina ya vyumba nayo yako kwa lugha zote mbili: sebule, jiko, stoo, chumba kikuu. Tangu hapo kila mchoro unaotoka ofisini unayo maelezo hayo bila mtu kukumbuka kuyabandika. Kama utafanya jambo moja tu na kiolezo chako, fanya hili.

Sasa nije kwenye jambo lililoniumiza zaidi, na ambalo nadhani halielezwi vya kutosha kwa wanaoanza. Kiolezo hakiufuati mchoro. Kinauzaa, kisha kinaachana nao. Ofisi ilipobadilisha namba ya simu, nilifungua .dwt, nikarekebisha kisanduku cha maelezo kwenye fremu, nikahifadhi na kuendelea na mambo mengine. Wiki tatu baadaye tukapeleka michoro ya kuombea kibali cha ujenzi: kurasa mbili mpya zina namba mpya, tisa zilizoanzishwa kabla zina ya zamani. Mzee wetu, mbunifu majengo anayegonga muhuri, ndiye aliyeiona, tena kaunta, akiwa tayari amesimama kwenye foleni. Akarudi nazo zote. Hakusema neno kali, akaziweka mezani kwangu tu na kuniambia, "Mama, ziangalie tena."

Tangu hapo tumegawa fremu yetu sehemu mbili. Visivyohusu kazi fulani, yaani mipaka ya karatasi, nembo, anwani, simu na namba ya usajili wa Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, viko kwenye faili lao peke yao, nalo linaning'inizwa ndani ya kila ukurasa kama xref, yaani faili la nje ambalo mchoro unalisoma tu. Nikilibadilisha hilo moja, kila mchoro unaolitumia unabadilika utakapofunguliwa tena. Vinavyobadilika kwa kila kazi, kama jina la mteja, namba ya kiwanja, skeli na namba ya ukurasa, vimebaki kwenye kiolezo kama bloku, yaani vitu vilivyofungwa pamoja kuwa kimoja, yenye nafasi za kujaza. Usijaribu kuviweka hivyo navyo kwenye xref, maana hutaweza kuvijaza tofauti kwa kila ukurasa. Kwa kazi kubwa za kurasa nyingi tunatumia Sheet Set, ambayo jina la mradi unaliandika mara moja na kurasa zote zinalisoma. Kwa nyumba moja ya kurasa nane naona ni mzigo.

Uchapishaji nao una mtego wake. Unene wa mistari yetu unatoka kwenye faili la .ctb, ambalo linasema rangi hii ichapwe kwa unene huu. Kiolezo kinabeba jina la faili hilo tu, hakibebi faili lenyewe. Tulipeleka .dwg dukani kuchapa A1, zikatoka na rangi zote za skrini, ukuta mwekundu, mlango wa kijani. Duka halikuwa na .ctb yetu, na sisi hatukuipeleka. Siku hizi tunapeleka PDF. Mhandisi akihitaji faili lenyewe tunatumia ETRANSMIT, inayofungasha mchoro pamoja na xref na .ctb zake. Angalia pia, unapochagua kiolezo cha kuanzia, usichukue chenye maneno Named Plot Styles kama mnatumia .ctb. Hutaiona kwenye orodha na utadhani imepotea.

Halafu mahali pa kukiweka. Kwa kawaida violezo hukaa ndani ya AppData, folda ambayo Windows huificha, tena ndani ya folda ya toleo la mwaka ule. Kila kompyuta ina nakala yake na kila toleo jipya lina folda yake. Kwetu hiyo ilimaanisha violezo vinne vyenye jina moja na mambo manne tofauti ndani. Sasa kiko kimoja kwenye folda ya pamoja ya ofisi. Ingia OPTIONS, Files, Template Settings, uelekeze njia huko, na hapo hapo taja kiolezo cha QNEW, amri ya kuanza mchoro mpya, ili anayeanza mchoro mpya apewe chetu bila kuulizwa. Faili nimeliwekea ulinzi wa kusomwa tu. Anayetaka mabadiliko ananiambia, nabadilisha, naandika tarehe kwenye jina. Nakala moja ipo kwenye flashi, kwa sababu umeme ukikatika kwenye chumba chenye ile folda wengine wenye laptop wanatakiwa waendelee.

Kuna pia CHECKSTANDARDS, inayolinganisha mchoro na faili la .dws, lenye viwango vya ofisi, na kukuonyesha leya, mistari, maandishi na vipimo vilivyokwenda kinyume. Naitumia kabla ya kupeleka kazi nje, dakika chache tu.

Kwa ofisi yenye watu wawili na zaidi ningekipa kiolezo nyota nne kati ya tano bila kusita. Nyota ya tano naizuia kwa sababu ya ile michoro iliyozaliwa kabla ya kiolezo. Hakuna amri moja ya kuivalisha sura mpya yote kwa pamoja bila kuifungua na kuikagua. Tunayo ya miaka mingi, na mteja akirudi kuongeza chumba au uzio, naufungua wake, navuta leya zetu, nabadilisha fremu, na kabla ya kugusa ukuta wowote naandika INSUNITS kuona kama inajibu 4.