Darasa la kompyuta la Jumamosi huko Tudor, na suala la picha

Kwa Jumamosi kumi mfululizo, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita, binti yangu aliye Gredi ya Tano alihudhuria darasa la kompyuta na usalama mtandaoni katika shule moja ya msingi upande wa Tudor, Mombasa. Ada ilikuwa shilingi 3,500, na mzazi aliyeomba aliruhusiwa kulipa kwa awamu mbili. Nimeridhika na mafunzo yenyewe na muhula ujao nitamrudisha, ila lilitokea jambo moja lililonikera sana, ambalo mzazi anayefikiria kumwandikisha mtoto katika darasa la aina hii anafaa kulijua kabla hajatia saini. Jina la waendeshaji sitalitaja kwa sababu jambo hilo tulilimaliza baina yetu.

Chumba kina kompyuta 12 kwa watoto 24. Mwanzoni nilidhani nimelipia nusu ya kompyuta, lakini nilipokaa nyuma ya darasa siku ya pili nilibadili mawazo. Aliyeshika kipanya hufuata maelekezo tu, na mwenzake ndiye anayeamua hatua inayofuata bila kugusa chochote, kisha baada ya robo saa hubadilishana. Mtoto asiyeweza kueleza anachotaka hawezi kusonga mbele, na hapo ndipo nilipomsikia binti yangu, ambaye kwa kawaida ni mkimya, akieleza jambo moja kwa njia tatu tofauti mpaka mwenzake akaelewa.

Wanatumia Scratch, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2007 na watafiti wa chuo cha MIT huko Marekani, ambamo mtoto huunganisha vitalu vya rangi badala ya kuandika amri kwa herufi. Inaweza kuwekwa kwenye kompyuta ikafanya kazi bila intaneti, nayo ina Kiswahili, jambo ambalo mwalimu alilitumia vizuri katika wiki za mwanzo ili watoto wahangaike na fikra yenyewe badala ya kuhangaika na Kiingereza. Serikali ilipoanza kugawa vishikwambi kwa wanafunzi wa darasa la kwanza katika shule za umma mwaka 2016, wengi wetu tulidhani kazi imekwisha kwa kuwa kifaa kimefika. Mtaala wa umilisi unautaja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi, lakini ujuzi huo haupatikani kwa kupapasa kioo pekee. Unahitaji mwalimu anayejua anachokifundisha, na hapa yupo.

Jumamosi ya nne umeme ulikatika. Mwalimu aliwatoa watoto uani, akachora kwa chaki mistari miwili inayokatana, akamsimamisha mtoto mmoja kwenye makutano, yaani sifuri, mahali ambapo paka wa Scratch huanzia. Kwenye jukwaa la programu hiyo paka anaweza kwenda hadi 240 kulia au kushoto, na 180 juu au chini, na upande wa kushoto na wa chini namba huwa hasi. Mtoto aliyeambiwa aende hasi mia alielekea kulia, na wenzake wakamrudisha kwa kelele: "Hasi ni kwa mwarobaini! Chanya ni kwa geti!" Nina hakika hakuna aliyeondoka pale bila kuelewa namba hasi ni nini.

Usalama mtandaoni haukutengwa uwe mhadhara wa siku ya mwisho, na kwangu hilo ndilo lililolipa thamani darasa zima. Siku ya kuchagua majina ya akaunti, kila mtoto aliandika lake kwenye karatasi bila kuonyesha mwandishi ni nani, kisha wenzake wakajaribu kumtambua. Binti yangu alikuwa ameunganisha jina lake, mtaa wetu na mwaka wake wa kuzaliwa. Alitambuliwa papo hapo, akaifuta karatasi yake mwenyewe. Siku nyingine mwalimu aliwasomea ujumbe ule tunaoujua sote, wa mtu anayedai ametuma pesa za M-Pesa kimakosa na anaomba arudishiwe, akawauliza ni kitu gani kinamfanya msomaji aharakishe. Aliwaeleza pia kwamba Scratch haina ujumbe wa faragha, ilhali michezo mingi wanayocheza kwenye simu zetu humruhusu mtu wasiyemjua kuwaandikia, na akahakikisha kila mmoja anaijua 116, namba ya bure ya kuwasaidia watoto.

Upungufu mdogo ni kwamba mazoezi ya kuchapa ni machache, na mtoto asiye na kompyuta nyumbani hapewi kazi ya kufanya katikati ya wiki.

Sasa suala la picha. Wiki ya sita waendeshaji waliweka picha za watoto kwenye ukurasa wao ulio wazi kwa kila mtu. Binti yangu alionekana uso mzima, kibandiko chenye jina lake kifuani, na maelezo chini yakitaja shule, siku na saa za darasa. Yeye ndiye aliyeiona kwanza kwenye simu yangu, akaniuliza, "Mama, si haya ndiyo tuliyokatazwa?" Sikuwa na jibu la kumpa. Nilipompigia simu msimamizi aliniambia, "Mama, nia yetu ilikuwa njema, na wazazi wengine wamefurahi." Nilimjibu kwamba kifungu cha 33 cha Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 kinataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa, na kwamba mwezi wa Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja nchini faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Waliziondoa jioni ile ile na kuniomba radhi. Hata hivyo, siku mbili baadaye nilitumiwa picha hiyo hiyo kupitia kundi la WhatsApp la mtaa, na hiyo hakuna wa kuirudisha.

Tangu hapo wametengeneza fomu ya idhini. Kipengele cha picha kiko ukurasa wa pili, karibu na mahali pa saini, nacho kina visanduku viwili: cha kwanza kinakubali picha zichapishwe, cha pili kinakataa. Ukiviacha vitupu, msimamizi ameniahidi kwamba huhesabiwa umekataa, lakini ahadi hiyo haijaandikwa popote kwenye fomu, kwa hiyo mimi nilitia alama cha pili na kubaki na nakala.