Metre, mwalimu wangu, alinifokea mbele ya binti yangu: uzoefu wangu na mashindano ya judo Lubumbashi

Nilisema ningoje hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa.

Ninabadilisha pesa karibu na soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Jioni ninafunga meza, ninajifunga makuta, yaani pesa, kiunoni chini ya kitenge na kurudi nyumbani mtaa wa Katuba. Mwanamke anayetembea hivyo kila siku anasikia kila nyayo nyuma yake. Ndiyo sababu niliingia klabu ya judo. Medali sikuwa na haja nayo.

Aliyenisukuma nishindane ni shemeji yangu aliye Texas. Huko, tangu 2021, watu wazima wengi wanaruhusiwa kubeba bastola bila kibali. Yeye anaificha chini ya shati, na siku za mapumziko anakwenda kwenye mashindano ya IDPA, mchezo wa kupiga shabaha kwa bastola ulioanzishwa 1996 kwa watu wanaobeba kama yeye. Mlio wa kuanza unalia, anainua shati, anachomoa, anapiga mabango yaliyosimama badala ya wahalifu. Risasi isiyofika katikati inamwongezea sekunde, na akipiga bango la asiye na hatia anaongezewa tano. Aliniambia: "Shemeji, nilifanya mazoezi peke yangu nikajiona fundi. Siku ya kwanza watu wananitazama na saa inakimbia, shati likanasa kwenye kitako cha bastola." Nilimwelewa mara moja. Yeye anaficha bastola, mimi ninaficha makuta, na wote wawili tulikuwa hatujajaribiwa na mtu anayetaka kutushinda kweli.

Basi nikajiandikisha. Msichana mmoja mwenye nguvu akanikamata kola, nikahisi ninakwenda chini, mkono wangu ukashuka wenyewe ukamshika mguu. Kanuni za judo zilianza kukataza kushika miguu 2010. Mwamuzi akasimamisha, akaniadhibu. Sina neno naye.

Neno langu ni kwa metre wetu. Alisimama pembeni ya tatami, mkeka wa kupigania, akapaza sauti: "Mama, hapa si sokoni! Rudi kwenye meza yako ya makuta!" Watu wakacheka. Binti yangu wa miaka tisa alikuwa pale, ameshika ndala zangu. Hakucheka. Aliziangalia zile ndala mpaka mechi ikaisha.

Baadaye nilimfuata kwa heshima. "Metre, samahani. Mtu akinivuta gizani, mguu wake si ndio ulio karibu nami? Na wakiwa wawili?" Aliendelea kukunja mkanda wake bila kuniangalia. "Anayeuliza maswali hajajifunza kusalimu." Ada yake nilimlipa kila mwezi bila kuchelewa, na swali moja tu hakutaka kulijibu! Swali lenyewe ndilo lililonileta kwake.

Ningeandika usiku ule, ningesema: msiende, mtapoteza pesa. Mnainamiana kwanza, adui ni mmoja, chini ni laini, hakuna mwenye kisu. Barabarani hakuna hata kimoja cha hivyo.

Lakini si muda mrefu uliopita, umeme umekatika mtaa mzima, kijana alinivuta mkoba kwa nyuma. Nikaanguka kando ya mfereji. Kidevu kilikuwa kifuani na mkono umepiga chini kabla sijawaza chochote. Kichwa hakikugusa saruji. Sidhani ni mazoezi yaliyoniokoa. Mazoezini unajua unaangushwa, na mwenzako anakushusha taratibu. Ni yule msichana, aliyenitupa siku ile kwa nguvu zake zote. Kwa hiyo ninafuta nusu ya niliyosema. Mashindano yalinilinda kichwa.

Nusu nyingine siifuti. Mkobani mlikuwa na bakuli tupu la chakula. Makuta yalikuwa kiunoni. Nilipaswa kuachia na kukimbia. Badala yake niliinuka, nikamkamata kola kwa mikono miwili, nikamvuta kwangu kama kwenye tatami. Alikuwa na wembe. Mkono wa blauzi ulipasuka kutoka kiwiko hadi kifundo, ngozi ikanusurika kwa neema ya Mungu. Kwa nini nilivuta? Kwa sababu kwenye mechi anayekwepa kupambana anaadhibiwa, na mwili wangu ulikuwa umeshika hilo. Nilipomsimulia shemeji, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwao ni vilevile: unapitishwa uwanjani kuona mabango yote kabla, halafu lazima uyapige yote ya wahalifu, na hakuna anayekupa alama kwa kuondoka. Mkono unajifunza kumaliza mabango hata mlango ukiwa wazi.

Niwaambie nini, basi, kina mama wa meza? Shindaneni, hata mara mbili tu, mwangushwe na mtu asiyewahurumia. Kisha mtafute mtu wa kuwafundisha kuachia mkoba, kwa sababu kwenye tatami hilo sikulipata kwa yeyote.

Klabu ile siwapelekei. Kimono yangu nimeifua, iko kwenye kamba, na ningerudi kesho kama metre angesema "samahani" mbele ya watu walewale. Asiniambie mimi. Amwambie mtoto.