Tahadhari kwa wakusanyaji: poinsetia ya kioo yenye namba 1825

Ndugu zangu mnaokusanya vigandamizo vya karatasi vya kioo vya Marekani, vile vipande vizito vya kioo vyenye mapambo ndani, naandika haya nikiwa na hasira na aibu kwa pamoja, na nimesubiri siku nne ili maneno yangu yasiwe makali kuliko ushahidi nilio nao. Nimeuziwa kitu bandia kwa dola 780, fedha taslimu, nilizozihesabu kwa mkono wangu mwenyewe. Aliyeniuzia ni mzee mwenye mvi anayeuza vitu vya kale kutoka verandani kwake hapa Massachusetts, na hadi ninapoandika bado anaendelea kuuza.

Wale mliowahi kufika kwangu Lowell mnalijua kabati, na mnaijua ile nafasi iliyokuwa wazi kwenye rafu ya pili, kwa hiyo sitaeleza kwa urefu kwa nini nilikuwa natafuta poinsetia na si ua jingine. Inatosha kusema kwamba ua hilo lilikuwa uani kwa mama kule Moshi, likiwaka wekundu kila Desemba, na kwamba siku nilipogundua kuwa mafundi wa kiwanda cha kioo cha Sandwich, mji wa hapa Massachusetts, walilifinyanga kwa kioo zaidi ya miaka mia iliyopita, nilijiahidi kulipata moja kabla sijafikisha miaka hamsini.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Mzee alikuwa amekiweka kigandamizo peke yake juu ya kitambaa cheusi, mahali ambapo jua lilikuwa linakifikia kwa upande, na hakukuwa na kitu kingine chochote mezani isipokuwa kikombe chake cha kahawa na lenzi ndogo ya kukunja. Niliona petali nyekundu kumi katika matabaka mawili, bua na majani ya kijani yenye viputo vidogo vya hewa kama matone ya umande, na chini yake wavu mweupe wa nyuzi za kioo. Hakunikabidhi. Alisema, "Kishike mwenyewe, mikono yangu siku hizi inatetemeka," kisha akageuka kutazama barabarani, kana kwamba hakujali kama ningekinunua au la.

Nilipokuwa nakizungusha, aliniomba nikisogeze karibu na macho, akanionyesha mmeguko mdogo usiozidi punje ya mchele karibu na kitako. Akasema hataki niondoke nyumbani kwake kisha nije nimlaumu kwa kunificha kasoro. Naomba mlizingatie jambo hili, kwa sababu hapo ndipo aliponinunua. Mtu aliyeniambia ukweli mdogo ambao ungempunguzia bei, nilimwamini katika kila alichosema baadaye, na hata ambacho hakukisema.

Kisha akanipa lenzi na kuniuliza, "Unaona nini pale katikati ya ua?" Nikaona kijiti cha kioo kilichokatwa, na ndani yake namba ndogo za samawati: 1825. Akauliza tena, kwa upole wa mwalimu, "Na 1825 ni mwaka gani?" Nikajibu bila kusita kwamba ni mwaka ambao Deming Jarves alianzisha kiwanda cha kioo mjini Sandwich. Mzee akaweka kikombe chake chini, akanitazama kwa muda, akasema kwamba katika miaka yote ya biashara yake hakuna mnunuzi aliyewahi kumjibu hivyo. Bei aliyoniambia kwenye simu ilikuwa dola 900. Akaishusha hadi 780, akisema kwamba anafurahi kuona kinakwenda kwa mtu anayekijua.

Nimeyarudia mazungumzo hayo kichwani mara nyingi, na kila mara naona jambo lile lile: yeye hakutamka neno Sandwich hata mara moja kabla yangu. Alinisubiri nilitamke mimi, na nilipolitamka akanisifu.

Mtaniuliza kwa nini nilimwamini, hasa ninyi ambao tumezunguka pamoja minada kwa miaka sita. Nilimwamini kwa sababu baada ya mimi kulitaja lile jina, alizungumza kwa ufasaha juu ya Nicholas Lutz, fundi wa Sandwich aliyejifunzia kazi kiwanda cha kioo cha Saint-Louis kule Ufaransa kabla ya kuja Marekani, na kila alichosema juu ya Lutz kilikuwa kweli. Mambo yale yale nilikuwa nimeyasoma na kuyaona nilipotembelea jumba la makumbusho la kioo la Sandwich. Nilimwamini pia kwa sababu nimelelewa mahali ambapo mtu mwenye mvi huitwa mzee, huamkiwa kwanza, na neno lake halipelekwi kwenye mizani mbele yake. Sioni haya kwa malezi hayo. Nina hasira kwa sababu ameyatumia.

Jumapili usiku nilikaa kuandika kadi ya kabatini, kama ninavyofanya kwa kila kipande. Niliandika: Poinsetia, Boston and Sandwich Glass Company, kazi ya Lutz, 1825. Nilipomaliza kuandika mwaka huo mkono wangu ukasimama. Lutz alifanya kazi Sandwich katika miaka ya 1870 na 1880, hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 1888. Mwaka 1825 hakuwa amezaliwa. Na ua lenyewe limepewa jina la Joel Poinsett, aliyekwenda Mexico kama mwakilishi wa Marekani mwaka huo huo wa 1825 na ambaye baadaye ndiye aliyeutuma mmea huo kwao South Carolina. Hakuna fundi wa Massachusetts ambaye angelifinyanga ua hilo mwaka 1825. Isitoshe, vigandamizo vya aina hii vilianza kushamiri Ulaya kuanzia mwaka 1845 au karibu na hapo, na Marekani ikafuata. Mambo haya yote nilikuwa nayajua nilipokuwa pale verandani nikisifiwa, na hata moja halikunijia.

Nilikwenda jikoni usiku ule ule. Kigandamizo kilikuwa na uzito wa gramu 386. Nikaweka bakuli la maji juu ya mizani, nikairudisha kwenye sifuri, nikakining'iniza kwa uzi hadi kikazama chote bila kugusa bakuli, na mizani ikasoma gramu 155, ambazo ni uzito wa maji yenye ujazo sawa na wake. Ukigawanya unapata takriban 2.5, ambayo ni kioo cha kawaida cha magadi na chokaa, kile cha chupa na madirisha. Kioo chenye madini ya risasi walichokitumia mafundi wa Sandwich hukaribia 3 au kuzidi. Jumatatu nilikipeleka kwa bibi mmoja aliyeanza kukusanya kabla mimi sijazaliwa. Alikishika kwa muda mfupi tu, akasema kinateleza kama sabuni, akanionyesha umanjano hafifu wa kioo dhidi ya karatasi nyeupe, kisha akakigeuza: mikwaruzo yote ya kitakoni inaelekea upande mmoja, ya msasa, wakati kitako kilichokaa mezani kwa miaka mia huwa na mikwaruzo ya kila upande.

Nilimpigia simu mzee. Alijibu kwa upole ule ule kwamba vipo vigandamizo halisi vyenye namba 1825, ambavyo wajuzi huvichukulia kuwa ni 1852 iliyopangwa kimakosa. Hilo ni kweli, vipo, na ndiyo maana nasema mtu huyu si mjinga aliyejidanganya mwenyewe. Lakini hata 1852 haimwokoi, kwa kuwa wakati huo Lutz alikuwa kijana mdogo upande wa pili wa bahari. Nilipomwambia hivyo, alisema yeye hakuwahi kuniambia kwamba ni cha Lutz wala cha Sandwich, na kwamba nikasome stakabadhi. Nikaisoma. Imeandikwa kwa mkono wake: "Kigandamizo cha kioo, kimoja." Akakata simu, na tangu wakati huo hapokei.

Nataka mtu huyu achukuliwe hatua. Nimepeleka malalamiko katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Massachusetts pamoja na picha, vipimo na stakabadhi, na kesho nakwenda polisi. Nataka azuiwe kuuza, arudishe fedha za kila aliyemdanganya, na asimame mbele ya hakimu aeleze ni nani aliyekipiga msasa kitako kile. Sitaki kusikia tena kwamba ni mzee na tumwachie. Angekuwa kijana wa mtaani aliyeuza simu mbovu kwa dola 780, wengi wenu mngekuwa mmeshamtafuta. Kama kuna mwingine kati yenu aliyenunua kwake na akanyamaza kwa aibu, naomba aniandikie faraghani, kwa sababu malalamiko ya mtu mmoja hupotea kwenye faili.

Dalili ambazo ningetaka mziangalie ni hizi chache ninazozikumbuka: anakubali fedha taslimu tu, anaweka kitu kimoja mezani, anakuonyesha kasoro kabla hujaiona, anakuuliza maswali ili wewe ndiye utaje kiwanda, na stakabadhi yake haina jina la kiwanda wala mwaka. Mwambieni aandike yote mawili kabla hamjatoa pochi. Pimeni kwa maji ikiwa ataruhusu, asiporuhusu, ondokeni.

Jana jioni ameweka picha mpya mtandaoni. Ni tofaa la kioo jekundu lenye kugeukia manjano, limekaa juu ya kitako cha mviringo cha kioo kisicho na rangi, mfano wa yale ya New England Glass Company ya East Cambridge. Kitambaa ni kile kile cheusi, jua linaingia kwa upande ule ule, na bei aliyoandika ni dola 1,100. Maelezo yake hayataji kiwanda. Mwenzetu mmoja tayari ameuliza chini ya picha kama anaweza kufika Jumamosi asubuhi. Ndugu yangu, kama unasoma haya, usiende.