Nimeuziwa mkunjo, sauti sikupewa: uzoefu wangu na mandolini ya F

Naanza na kilichonichefua, mengine yatafuata yenyewe. Mandolini yangu, ala ndogo ya nyuzi kama gitaa, ina matundu mawili ya umbo la f, moja kila upande wa nyuzi, na kingo zake zimepakwa rangi nyeusi. Nyeusi tii, nadhifu kabisa, ukiitazama kwa mbali unasema fundi huyu alikuwa na mkono mwepesi. Siku moja nabadilisha nyuzi, ukucha ukapita ukingoni, rangi ikabanduka kidogo sana. Nikawasha tochi ya simu. Chini ya rangi kuna matabaka matatu: jembamba jeupe juu, nene la kahawia katikati ambalo mistari yake inakwenda kinyume, halafu jembamba jeupe tena chini. Plaiwudi.

Tangazo lilisema ubao wa uso ni sprusi nzima, mbao ya mti wa jamii ya misonobari, umechongwa. Kuchongwa, jamani! Na yule aliyepaka ile rangi alijua anachokificha, maana ubao mzima hauna haja ya kupakwa ukingoni. Mistari ya mbao unaiona usoni, inashuka ukingoni, inaendelea mpaka ndani bila kukatika. Wengi wenye ubao mzima wanauacha uonekane, wanajivunia. Tangu siku hiyo kila mandolini ninayoishika naanza na kuchungulia kwenye tundu, hata kabla sijamsalimia mwenyewe.

Kwa nini nakasirika hivi kwa sababu ya ubao? Kwa sababu kwenye mandolini ubao wa uso ndio wenye kazi. Nyuzi 8 zilizokazwa zinavuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70, na daraja, kile kipande cha mbao kinachobeba nyuzi, halijagundishwa popote. Limekaa tu juu ya uso, limebanwa na nyuzi zenyewe. Kila unachopiga kinapita kwenye miguu ya lile daraja kuingia kwenye ubao, na ubao ndio unaosukuma hewa. Sprusi inapendwa kwa sababu ni nyepesi na bado ni ngumu kwa urefu wa mistari yake. Fundi anaichonga, anaacha unene katikati, anapunguza kuelekea kingo, anagonga kwa kidole, anasikiliza, anapunguza tena. Plaiwudi haichongwi hivyo. Inabanwa kwenye umbo la mviringo kwa mashine, matabaka yamepishana, gundi katikati, na hakuna anayeigonga kusikiliza chochote. Ukipiga, noti inatoka, ndiyo, lakini inatoka na kufa. Uzi wa G, ule mnene wa sauti ya chini kabisa, unalia kama mtu anayeongea na mto usoni.

Nikairudisha dukani. Duka silitaji, sitaki maneno. Yule kijana wa kaunta hakuigusa. Nilimwonyesha ukingo, nikamwashia tochi, akaangalia simu yake. Akasema, "Kaka, mandolini inafunguka na muda. Wewe bado unaipiga kwa woga." Nikamwambia huu si ubao mzima. Akacheka. Wateja wengine wamesimama pale, naye anacheka. "Tatizo si ala, kaka. Masikio nayo yanahitaji mazoezi."

Masikio!

Nimeshindwa kulisahau hilo neno. Ninaweza kumsamehe mtu anayekosea maelezo ya bidhaa, matangazo mengine yananakiliwa tu kutoka kwa kiwanda na aliyenakili hajui sprusi ni mti au samaki. Lakini kuona ushahidi mbele yako na kuligeuza kosa likawa la mteja, hiyo ni tabia nyingine. Na hayo ya kufunguka: wapigaji wengi wanaapa kwamba uso wa sprusi uliochongwa hubadilika ukipigwa miaka, na mimi ninawaamini zaidi ya nusu. Ila hadithi hiyo ni ya ubao mzima. Kumpa mtu mwenye plaiwudi hadithi hiyo ni kumfukuza dukani kwa adabu. Ukitoa ile ya masikio, ambayo haikuwa na adabu hata.

Sasa twende kwenye bei, maana hapo ndipo nyama ilipo. Yangu ni ya F. Wanaozijua watanielewa: ule mkunjo pale begani, upande wa juu, na zile ncha kali upande wa chini. Ya A haina mambo hayo, umbo lake ni tone la maji na basi. Kwa ubora uleule wa mbao na uchongaji, F inaweza kukugharimu mara mbili ya A. Unalipia nini? Saa za fundi. Kukunja ule ubavu, kuchonga ule mkunjo, kupitisha ule utepe mweupe wa ukingoni kwenye kona zote zile bila kuacha ufa, ni kazi ya kuvunja mgongo, na anayeifanya kwa mkono anastahili kila senti. Lakini ndani ya mkunjo, mara nyingi, ni gogo tu la mbao. Hewa haizunguki humo. Haimo kwenye sauti, au kama imo, sijakutana na mtu aliyeitofautisha akiwa amefumba macho.

Kwa hiyo kiwanda kinachotengeneza F ya bei ya chini kina hesabu moja tu ya kufanya: pesa ya mkunjo itoke wapi? Inatoka usoni. Wanakupa umbo la watu wakubwa, wanakata kwenye ubao unaopaswa kuimba. Pesa niliyotoa ingenunua A ya ubao mzima iliyochongwa, na chenji ya kisanduku kizuri ingebaki.

Na tamaa ya mkunjo ina historia, siyo kwamba tumeroga macho wenyewe. Orville Gibson ndiye aliyeanza kuchonga uso wa mandolini kwa mtindo wa fidla huko Kalamazoo, Michigan, na ndiye aliyeleta mkunjo. Halafu mwaka 1922 ikaja F-5, modeli ya kampuni ya Gibson, chini ya mhandisi wake Lloyd Loar, nayo ikawa na matundu ya f badala ya tundu moja la umbo la yai, shingo ikatoka nje zaidi ya mwili, daraja likasogea karibu na katikati ya uso. Hayo ndiyo yaliyobadilisha sauti. Uso, matundu, shingo, daraja. Mkunjo ulikuwepo tangu zamani, umekaa pale pale. Loar aliondoka mwishoni mwa 1924, mandolini zenyewe hazikuuzika sana wakati huo, na leo yenye sahihi yake ndani inauzwa kwa zaidi ya dola laki moja. Bill Monroe, yule baba wa muziki wa bluegrass wa Marekani, alipiga ya 1923 sehemu kubwa ya maisha yake ya muziki, na dunia nzima ikaingia kichwani kwamba mandolini ya kweli ni ile aliyoshika yeye. Mwaka 1985 mtu aliingia nyumbani kwake akaivunja vipande vipande. Kiwanda cha Gibson kikaigundisha upya kibanzi kwa kibanzi, naye akaendelea kuipiga. Hebu ijaribu hivyo ya plaiwudi uone.

Lakini chukua F-4, ya kiwanda hichohicho, kongwe kuliko F-5, yenye mkunjo uleule mzuri na tundu la yai. Bei yake haikaribii ya Loar hata kidogo. Kwa hiyo hata wakusanyaji wa vitu vya kale, ambao wanalipia sahihi, mwaka na vanishi isiyoguswa (ukiipaka upya vanishi kongwe thamani inaporomoka hata kama sauti haijabadilika), hata wao hawalipii mkunjo peke yake. Ni sisi huku chini tunaolipia mkunjo peke yake.

Kuhusu matundu siwezi kuwa mkali sana. Tundu la yai linatoa sauti ya duara, nzito chini, noti inakaa hewani kabla ya kuondoka. Matundu ya f yanatoa sauti kavu zaidi, inayotupwa mbele, na ukifanya kile kipigo kifupi cha kukata kwenye mdundo wa pili na wa nne, bendi nzima inakaa sawa. Si suala la ipi bora, ni suala la unapiga nini. Mimi nilitaka kukata, ndiyo maana nikatafuta f. Lakini f si lazima ije na mkunjo. Kuna A nyingi zenye matundu ya f, uso wa sprusi uliochongwa, mgongo na mbavu za mti mgumu wa mepo, zinakata vilevile. Loar mwenyewe aliitengeneza A ya namna hiyo. Hilo pia yule kijana hakulijua, au alilijua na akaona mkunjo unauzika haraka.

Rafiki yangu ana A kuukuu, tundu la yai, rangi imechubuka mpaka mbao inaonekana pale mkono unapolala. Tuliziweka pamoja mezani, piki moja (kile kibamba cha kupigia nyuzi), kodi ileile ya G, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja. Yake ilijaza chumba. Yangu ilitoa ile sauti ya kopo, juu kweupe, chini hakuna mtu. Akanyamaza, maana ni mstaarabu, halafu akasema, "Hii yako ni nzuri kwa macho." Heri angenitukana.

Sasa inakuja sehemu inayoniudhi kwa namna nyingine. Niliipeleka kwa fundi, mzee mmoja mpole, nikimwambia aniambie tu kwamba ni takataka ili roho itulie. Hakusema hivyo. Alichukua kipande cha karatasi, akakisukuma chini ya mguu wa daraja, kikapita. Kikatoka upande wa pili. Kumbe miguu ya daraja ilikuwa inagusa uso kwenye ncha tu, katikati kuna nafasi. Akalaza msasa juu ya uso, akalisugua daraja juu yake taratibu, mbele nyuma, mpaka miguu ikafuata mviringo wa ubao. Akabadilisha lile daraja la mbao laini lililopakwa weusi (huu weusi wao!) akaweka la mpingo. Akazamisha kidogo zile njia za nyuzi kule juu karibu na kichwa, zilikuwa juu mno, ndiyo maana vidole vilikuwa vinauma na noti za chini zinapanda kuliko zinavyopaswa. Akakaza nyuzi mpya.

Ikaimba. Sisemi iliimba kama ya rafiki yangu, tusidanganyane. Lakini G ilisikika, na kipigo cha kukata kikatoka kikavu, kifupi, kizuri kweli kwa ubao wa namna ile. Mzee akaniambia plaiwudi ina faida yake, haipasuki kirahisi hewa ikikauka, na kwa kupiga nje kwenye jua na vumbi yeye mwenyewe anatumia ya plaiwudi bila aibu. Akaisifu shingo, akasema imenyooka na freti, vile vyuma vya shingoni, zimekaa vizuri kuliko alivyotarajia. Na ni kweli, shingo ni nzuri. Hapo nikachanganyikiwa zaidi, maana ina maana kiwanda kina mtu anayejua kazi, na duka lingeweza kufanya alichofanya mzee kabla ya kuiuza, kwa mchana mmoja. Badala yake walinipa daraja linalopitisha karatasi na ushauri kuhusu masikio.

Nilikuja kuandika nyota moja. Nikafika kwenye daraja nikasema mbili, kwa haki tatu, kwa sababu ukiwa na fundi mzuri na bei ikiwa ya plaiwudi kweli, hii ni ala ya kufanyia mazoezi na kupigia popote bila hofu. Kama tangazo lingesema hivyo ningeinunua hivyo na leo ningekuwa naisifia. Lakini halikusema hivyo. Lilisema sprusi nzima, likachukua pesa ya sprusi nzima, na likapaka ukingo mweusi nisione. Kwa hiyo ala nyota tatu, duka nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu mfumo haukubali sifuri.

Unayetaka kununua, chungulia kwenye tundu na tochi. Ukingo ukiwa umepakwa, uliza kwa nini. Pitisha karatasi chini ya daraja mbele ya muuzaji, uone anafanya nini. Akikuambia sauti itafunguka, wewe funga kisanduku uondoke.

Yangu ninaibadilisha na A yoyote ya ubao mzima, hata iwe imechubuka yote. Haki yake niitoe: mkunjo unashika mkanda vizuri sana, hautelezi hata ukirukaruka.