TAHADHARI: Laptopu ya "Windows 11" Mwembe Tayari, nimelizwa 17,500

Wenzangu wa Mombasa, nina hasira hadi mkono watetemeka, na aibu ndiyo iliyonichelewesha siku nne kuandika haya. Mimi ninayewakaripia watoto darasani wasome swali mara mbili!

Ijumaa baada ya swala nikapita Mwembe Tayari. Kijana ana kanzu iliyopigwa pasi ikanyooka, akaona karatasi za mtihani mkobani, "Shikamoo, Bi Mwalimu." Nani angemshuku? Akanivutia kiti, akaniagizia kahawa. Laptopu niliikuta tayari imewaka, na hili likumbukeni. Alama ya Windows iko pale katikati chini, sawa kabisa na ya ofisini kwetu. Stika ya chipu ya Intel Core i5 inang'aa. Nikauliza RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, akafungua ukurasa: 8GB, na nafasi ya kuhifadhia (SSD) 256GB. Nikaandika jina langu, nikafungua video, nikaipiga picha nikamtumia mume wangu. "Imetoka Dubai, imetumika miezi sita tu." Alianza 22,000, tukavutana hadi 17,500. Jina lililotokea kwenye M-Pesa si lake, akasema la dadake. Nikanyamaza, nilikuwa nakimbilia feri.

Nyumbani Likoni nikaiwasha baada ya isha. Kioo cheupe, na maneno kwamba ukaguzi wa mfumo umezimwa, bonyeza spesi kuurudisha. Mimi mtiifu! Nikabonyeza spesi, kisha Enta, nikidhani nawasha ulinzi. Ikajizima, ikarudi na ujumbe mwingine: Chrome OS haipo au imeharibika. Chrome OS gani? Mimi nimenunua Windows!

Nikampigia. "Pole mama, ilete Jumatatu." Jumatatu simu haipatikani, na pale alipokaa yuko muuza soksi. Kahawa ile nayo, nimekumbuka sasa, nililipa mimi.

Fundi wa Majengo akachomeka flashi ya Windows, haikuonekana. Akatafuta kitufe cha F2, akatafuta F12 aingie kwenye BIOS, mipangilio ya ndani ya kompyuta. Kibodi haina vitufe hivyo vya F hata kimoja. Ndipo akaibandua stika ya Intel kwa ukucha, akacheka, nami nikatamani ardhi ipasuke. Ni Chromebook, laptopu ya Chrome OS, mfumo wa Google, chipu yake MediaTek ya aina ya ARM, kama za simu, na Windows ya kwenye ile flashi ni ya Intel na AMD. Hata ningeisomea dua isingewaka. Yule mhuni alifuta Chrome OS, akaweka Linux, mfumo mwingine wa bure, iliyovalishwa sura ya Windows. Ujanja huo unawaka tu ukaguzi ukiwa umezimwa, na kila ukiwasha yabidi ubonyeze Ctrl na D, au usubiri bila kugusa kitu. Ukigusa spesi ukakubali, ukaguzi unarudi, na ukaguzi haupokei mfumo usio na saini ya Google. Ndani mna RAM 4GB, nafasi 32GB. Ule ukurasa alioniwekea ulikuwa wa kuchora tu.

Fundi asema aweza kuirudishia Chrome OS kwa flashi maalumu. Haya, lakini programu ya kujazia alama za wanafunzi ni ya Windows, haiingii humo.

Huyu asiachiwe! Anayemjua amtoe, wenye vibanda jirani wasijifanye hawakumwona, walikuwa wakimwita "boss" mbele yangu. Jela ya Shimo la Tewa ina nafasi. Na aliyempa namba ya simu naye asombwe.

Dalili, maana mtaniuliza: mahali pa Caps Lock pana alama ya lenzi, kitufe cha Windows hakipo, herufi za kibodi zote ni ndogo. Mwambieni aizime kabisa, aiwashe mbele yenu, mtazame vidole vyake. Mimi hayo yote niliyaona nikadhani ni mtindo wa Dubai.

Chaja ni ya Taipu-C, nzima kabisa. Sasa yachaji simu yangu. Chaja ya 17,500.