TAHADHARI: Toyota Hilux ya "3.0" ambayo injini yake ni ya lita 2.5. Mnaotafuta pikapu ya kuvuta karavani, someni kwanza

Ndugu zangu, hasa nyinyi mnaotembeza watalii hapa Uganda na mnaotafuta pikapu ya kuvuta tela kubwa, naomba msome hadi mwisho kabla hamjampa mtu malipo ya awali. Sisi tumeshalia. Sitaki mwingine alie kwa jambo lilelile.

Mimi na kaka yangu tuna karavani ya vitanda vinne tuliyonunua kwa mzee mmoja wa Afrika Kusini aliyekuwa akirudi kwao. Ina jiko, friji na tangi la maji. Baba yetu aliendesha malori kutoka Mombasa hadi Kigali miaka mingi, na neno lake lilikuwa moja: pima mzigo kwanza, gari utalitafuta baadaye. Kwa hiyo tuliipeleka kwenye mizani ya ghala la mahindi Busia ikiwa imejaa maji, gesi na vyombo. Kilo 2,640. Hapo tulifanya vizuri. Makosa yalianza baada ya hapo.

Tuliona tangazo la yadi moja ya Kampala: Hilux Vigo (umbo la zamani), injini ya dizeli ya 3.0 D-4D, 4x4, "inavuta tani 3.5 bila shida". Bei shilingi milioni 68. Gari lilikuwa safi, rangi inang'aa, nyuma kuna beji ya 3.0, na tayari limefungwa chuma cha kuvutia tela. Muuzaji akaniambia, "Mama, hii hata nyumba inavuta." Tulipoomba turudi na karavani tuijaribu, akasema kuna mteja mwingine njiani na jioni gari halitakuwepo. Tukaliendesha likiwa tupu hadi Mukono na kurudi. Likiwa tupu lilikwenda vizuri sana, na tukalipa.

Safari ya kwanza ilikuwa kwenda Ziwa Bunyonyi. Hadi Mbarara tulijipa moyo, ingawa kila kilima kaka alishuka gia mbili. Kutoka mjini Kabale kupanda kuelekea ziwani, gari lilifika gia ya kwanza likakwama hapo. Harufu ya klachi inayoungua ikaingia hadi ndani. Halafu tukaanza kurudi nyuma, taratibu, breki zimekanyagwa hadi sakafuni na tela linatuvuta kuelekea bondeni. Niliruka nikaweka mawe nyuma ya matairi ya karavani, moja likasagika, la pili likashika. Namshukuru Mungu siku hiyo hatukuwa na wageni.

Fundi aliyekuja kutusaidia alifungua boneti, akatazama, akatuuliza nani ametuambia hii ni 3.0. Pale kwenye kibati cha gari, kile chenye namba za modeli na injini, palikuwa na stika ya kubadilisha oili, imebandikwa juu ya mstari wa injini. Akaikwangua kwa ukucha. Chini yake: modeli KUN25, na injini 2KD. Hiyo ni 2.5, sentimita za ujazo 2,494. Ile 3.0 ya umbo hilo ni 1KD, sentimita za ujazo 2,982, na ya 4x4 husomeka KUN26. Namba iliyogongwa kwenye injini yenyewe nayo ilianza na 2KD. Tukaenda nyuma tukang'oa beji. Gundi ilikuwa bado mbichi, na pembeni yake kwenye rangi kulikuwa na kivuli cha beji ya zamani iliyotolewa.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipaswa kushtuka tangu kwenye tangazo. Hata 3.0 halisi ya Vigo, Toyota hawakuipa tani 3.5. Uwezo huo kwa Hilux ulikuja na umbo jipya la mwaka 2015, na hata hapo si kila moja. Isuzu D-Max na Ford Ranger zipo zenye tani 3.5, lakini inategemea mwaka, injini na gia, kwa hiyo jina la gari peke yake halitoshi. Na takwimu hizo zote ni za tela lenye breki zake zinazofanya kazi. Tela lisilo na breki, pikapu nyingi za aina hii zinaishia kilo 750. Muuzaji akikutajia tani bila kukuuliza kama tela lako lina breki, ama hajui anachouza au anakudanganya.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyetuambia: shingo ya tela, ile sehemu ya mbele inayoshikana na gari, inalikalia gari kwa uzito. Kwa kawaida ni kama asilimia 10 ya uzito wa tela. Kwa karavani yetu ni kilo 264 zinazokandamiza nyuma, na hizo zinatoka kwenye mzigo ambao pikapu inaruhusiwa kubeba, pamoja na watu, mafuta na mahema. Weka mizani ya magunia chini ya shingo ujionee. Nyuma ikizama, matairi ya mbele yanakuwa mepesi na usukani unapoteza nguvu. Nililiona hilo kwa macho yangu, nikadhani ni springi tu.

Kile chuma cha kuvutia tela walichotupa kama zawadi ndicho kinachonikosesha usingizi. Hakikufungwa kwa bolti kwenye chesisi. Kilichomelewa kwenye bampa, kikapakwa rangi nyeusi kuficha kulehemu. Tuliporudi kilikuwa na ufa unaoingia kucha. Kingekatika pale mlimani, sijui ningeandika nini leo. Lala chini ya gari na tochi. Ukiona rangi mpya mahali pamoja tu, kwangua.

Muuzaji sasa anasema mkataba uliandikwa "gari linauzwa lilivyo". Ni kweli, na tulisaini. Lakini risiti yake mwenyewe inasema Hilux 3.0, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouzwa nayo. Wakili wetu ameshikilia hapo, na polisi tumeandikisha. Kwa hiyo ukinunua, hakikisha risiti inataja injini na namba ya fremu (chesisi), na zote zinafanana na logibuku na kilichogongwa kwenye chuma. Akikataa kuandika, ondoka hata kama mteja mwingine yuko getini.

Sitaji yadi kwa sababu kesi inaendelea. Lakini wiki iliyopita nimeona tangazo jipya lenye maneno yaleyale, tani 3.5 bila shida, na picha ya pikapu nyeupe yenye beji ya 3.0 inayong'aa kuliko gari lenyewe. Kama umenunua Hilux ya namna hiyo miezi ya karibuni, fungua boneti leo utazame kama kibati kina stika juu yake. Ukiikuta, piga picha kabla ya kuikwangua na uniandikie. Tukiwa wengi wakili anasema tutasikilizwa haraka zaidi.