Miezi 14 na Odoo PLM kwenye karakana yetu ya Iyunga, Mbeya

Mimi ndiye ninayechora mashine kwenye karakana yetu hapa Iyunga. Tunatengeneza mashine za kusaga na kukoboa mahindi, na wateja wetu wengi wanatoka Mbarali, Mbozi na Chunya. Naandika kwa ajili ya wenzangu wenye karakana za ukubwa wetu, maana nilipokuwa natafuta programu ya kuidhinisha mabadiliko ya michoro sikupata mtu wa huku kwetu wa kumuuliza.

Kilichotusukuma kuchukua programu hiyo, Odoo PLM, ni shafti, kile chuma cha mviringo kinachozunguka ndani ya mashine. Wateja walianza kufunga injini kubwa kuliko tulizowapangia. Mkanda unavuta, shafti ya mm 30 inapinda. Nikaamua iwe mm 35. Unaongeza mm 5 tu, lakini uwezo wa shafti kuhimili kupinda hupanda kwa kipeo cha tatu cha kipenyo, kwa hiyo unapata karibu asilimia 59 zaidi. Beringi nayo inabadilika, namba 6206 inakuwa 6207, na tundu la hausingi, yaani nyumba ya beringi, linatoka mm 62 kwenda mm 72. Bosi akakubali kwa simu, nami nikatuma mchoro mpya kwenye kundi letu la simu. Kijana wa hausingi aliuona. Mzee wetu wa kukereza hakuuona. Alikuwa na karatasi yake ukutani, ya mm 30, imeshaiva kwa grisi. Siku ya kufunga mashine tukakuta tuna hausingi 18 za mm 72 na shafti 9 za mm 30. Chuma kikishakerezwa hakirudi unene wake. Mzee alishika shafti moja, akaitazama, akaiweka chini bila kusema neno. Iliniuma sana, kwa sababu kosa halikuwa lake.

Odoo ni programu ya Wabelgiji, na PLM ndiyo sehemu yake inayosimamia matoleo ya bidhaa. Haimo kwenye Odoo ya bure. Inabidi uchukue ile ya kulipia, na malipo yanaenda kwa idadi ya watumiaji. Sisi tumelipia watu watano, tukahakikisha mzee wa kukereza na dada wa stoo wamo.

Ukitaka kubadilisha kitu unafungua oda ya mabadiliko, unachagua bidhaa, na programu inakupa nakala ya orodha ya vipuri uifanyie kazi. Orodha inayotumika karakana haiguswi. Unaambatisha mchoro, na yeyote anayefungua oda anaona kilichoongezwa, kilichopungua na kilichotolewa. Hatua za oda unazipa majina mwenyewe, nasi tumeziandika kwa Kiswahili: Imeombwa, Inakaguliwa, Imekubaliwa, Imeingia karakana. Mzee hatumii kompyuta kabisa, lakini kwenye simu anasoma maneno hayo na kubonyeza bila kumwita mtu.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ya waidhinishaji. Kila hatua unaipangia watu, na kila mtu unampa uzito wake: yupo ambaye lazima akubali ndipo oda isonge, yupo ambaye kukubali kwake ni hiari, na yupo wa kutoa maoni tu. Mwanzoni niliweka lazima kwa bosi peke yake, kama tulivyozoea. Baada ya wiki chache nikamwongeza mzee na dada wa stoo, nao wakawa lazima. Naona hapo ndipo programu ilipoanza kutulipa.

Mfano ni mashine yetu kubwa. Nilifungua oda ya kutoa shafti ya mm 35 kwenda mm 40: beringi 6208, hausingi mm 80, na ufunguo wa puli, kile kipande cha chuma kinachoishikisha puli kwenye shafti, kutoka upana wa mm 10 kwenda 12. Niliona nimemaliza kila kitu. Mzee akakataa. Aliandika mstari mmoja: chuma kilichopo stoo ni cha mm 40, kikishakerezwa hakibaki 40, agizeni cha 45. Dada wa stoo naye akaandika kwamba beringi 6207 zimebaki 14 rafuni. Programu inakuruhusu kupanga tarehe ya mabadiliko kuanza kutumika, basi tukaisogeza mbele hadi zile 14 ziishe. Hakuna kilichotupwa. Majina na saa za kila aliyeandika zimo kwenye oda hadi leo.

Kuna mambo ya kuangalia. Kazi ambayo umeshaifungua karakana hubaki na orodha ya zamani mpaka uisasishe mwenyewe, kwa hiyo kila mabadiliko yakipita napitia kazi zote zilizo wazi. Inataka intaneti, umeme ukikatika tunaendelea kwa simu na bando. Na karatasi ya ukutani hakuna programu inayoweza kuibandua. Tumejiwekea utaratibu: oda haiingii hatua ya mwisho kabla sijaenda mwenyewe kubandua mchoro wa zamani na kubandika mpya, mzee akiwa amesimama pale.

Matoleo ya zamani ya orodha hayafutiki, yanahifadhiwa. Na kila mashine tunaigongea namba ya toleo kwenye kibati chake, karibu na hopa. Mwezi uliopita mteja wa Ubaruku alipiga simu anataka shafti, mpunga na mahindi vinamsubiri, na hakumbuki alinunua lini. Nikamwomba afute vumbi kwenye kibati anisomee. Akasema, "Naona mbili, kaka." Nikafungua toleo la 2: mm 30, beringi 6206. Tulikuwa nayo, moja ya zile 9, na kesho yake asubuhi ilipanda basi.